Hukumu Ilisema Nani, Haikusema Wapi

Hotuba ya wakili mmoja mbele ya wazazi, katika ukumbi wa parokia, komine ya Katuba, Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Mababa na mamama, mapadri na wachungaji mliokubali kukaa nasi, wakubwa wa mtaa, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimewatosha wazee tu: nawasalimu wote, na nawashukuru kwa kuniachia saa moja ya Jumamosi yenu, siku ambayo najua kila mmoja wenu ana msiba, arusi au soko la kwenda.

Niliombwa nizungumze juu ya talaka. Nikaomba kwa heshima nipunguziwe mzigo, kwa kuwa juu ya talaka yenyewe mmekwisha kusikia mengi katika mahubiri na katika vikao vya familia, na sina jipya la kuongeza. Nitazungumza juu ya jambo linalokuja nyuma yake, wakati kelele zimekwisha na ndugu wa pande zote wamerudi makwao wakidhani mambo yametulia: mzazi mmoja anapochukua watoto na kuhamia nao mji mwingine, au nchi nyingine, na mzazi wa pili anabaki.

Miaka michache iliyopita baba mmoja wa mji huu, fundi wa kuchomelea vyuma, alifika Jumamosi asubuhi kwenye nyumba ya kupanga ambamo mama wa watoto wake alikuwa akiishi tangu walipoachana. Mkononi alikuwa na mfuko wa mikate na kisanduku cha vyombo vya jometri, kwa sababu mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka kumi, alikuwa amemwambia wiki iliyotangulia kwamba mwalimu humtoa darasani kila asiye na kompasi. Alikuta mlango una kufuli, dirisha halina pazia, na mwenye nyumba anafagia uwanja. Mwenye nyumba hakuacha hata kufagia. Alimwambia, "Walihama Alhamisi. Gari lilikuja usiku." Alipokwenda kwa polisi aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumba, aende akaelewane na mke wake.

Jumatatu alikuwa ofisini kwangu, na nakala ya hukumu ameitia ndani ya plastiki kama watu wanavyotunza karatasi za kiwanja. Niliijua hukumu ile, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsimamia siku ya talaka. Niliisoma tena mara mbili. Ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu: watoto watatu wanakabidhiwa kwa mama, baba atawachukua kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na atakaa nao nusu ya kila likizo, pesa za matunzo zimetajwa kwa franka, pamoja na tarehe ya kuzilipa. Lakini hakuna mstari hata mmoja uliotaja mji. Sote tuliokuwa mle ndani siku ile, hakimu, wakili wa mama na mimi, tuliandika na kusikiliza kana kwamba watu wawili walioshindwa kukaa chumba kimoja wataendelea kukaa mji mmoja mpaka watoto wakue. Hukumu ilisema nani. Haikusema wapi. Kosa lile nalihesabu kuwa langu kabla ya kuwa la mtu mwingine, maana ilikuwa kazi yangu kuuliza.

Watoto walikuwa wamepelekwa Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa, na Jumamosi ya saa tatu mpaka saa kumi na moja haiwezi kufika Kolwezi na kurudi. Nilikwenda huko nikiwa na hasira ya mteja wangu, na ni lazima niwaambie kwamba nilirudi nimeipunguza. Mama yule alikuwa amepata kazi ya kupika katika kantini ya wafanyakazi wa mgodi. Aliitwa Jumatatu, akaambiwa aanze Ijumaa au nafasi ipewe mwingine. Pesa za matunzo hakuwa ameziona kwa miezi minane, kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa, na alikuwa na yakini kwamba akimwambia baba, baba atawachukua watoto usiku ule ule na kuwapeleka kwa nyanya yao Kamina. Alipiga hesabu yake peke yake, akaondoka. Mimi sikuona pale mwizi wa watoto, wala sikuona baba katili. Niliona watu wawili wanaoogopana, na katikati yao karatasi ya mahakama ambayo haikuwasaidia kwa lolote.

Basi ombi langu la leo ni kwamba siku mnapoandika mtoto atakaa na nani, siku hiyo hiyo mwandike pia atakaa wapi, na itakuwaje siku mmoja wenu atakapotaka au atakapolazimika kuhama. Mwandike mkiwa bado mko mbele ya hakimu au mbele ya wazee, kabla kazi ya Kolwezi, ndoa ya pili au ugonjwa wa mzazi kijijini havijaja kuwahimiza.

Kwanza tuondoe woga mmoja. Hakuna sheria ya nchi hii inayomfunga mtu aliyeachika katika mji alikoachikia. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye kwenye ardhi yetu haki ya kutembea na kuweka makao anapotaka, kwa masharti ya sheria. Wazee mlio hapa mtakumbuka kwamba Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke amfuate mume popote mume alipoona inafaa kukaa, na kwamba mwanamke aliyeolewa alipaswa kupata ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, mpaka marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yalipoiondoa ruhusa hiyo. Bado nasikia waume wa zamani wakisema, "Sikumpa ruhusa ya kuhama." Ruhusa ya namna hiyo hawanayo. Wanachoweza kukidai ni kitu kingine, na kwa kweli si chao wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 juu ya Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990 ikiwa bado inaitwa Zaire, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mtoto aliyetengana na mzazi mmoja ana haki ya kuendelea kuonana naye na kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa kama jambo hilo linamdhuru. Angalieni haki hiyo amepewa nani. Amepewa mtoto. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, ile iliyotuletea Mahakama za Watoto, inataka manufaa ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Kwa hiyo mama anaweza kuhama, baba anaweza kuhama, lakini swali la mtoto linabaki mezani likisubiri jibu lake.

Mila zetu nazo zina jibu, ila katika mji huu zina majibu mawili. Kwa Waluba, wa Kasai na wa Katanga, mtoto huhesabiwa upande wa baba. Kwa Walamba na Wabemba ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Lubumbashi imewaoanisha watu hawa tangu siku za kambi za wafanyakazi wa migodi, na ndoa inapovunjika kila upande unafika kwenye kikao ukiwa na uhakika kamili kwamba mtoto ni "wetu". Nimewahi kukaa katika kikao ambapo mababu wawili walibishana kwa saa tatu juu ya mtoto ni wa nani, kwa methali nzuri sana ambazo ningependa kuwa nazo kitabuni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anasoma darasa gani. Siwacheki wazee wangu. Mila ya ukoo ilitengenezwa na watu waliokaa vijiji jirani, ambapo mtoto wa upande wa baba aliweza kula bukari, yaani ugali, kwa wajomba mchana na kulala kwa babu usiku. Haikuwahi kupima umbali wa safari ya ndege.

Naomba mniruhusu neno moja la kwangu, ambalo huwa silisemi mahakamani. Mnakumbuka 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa huku Katanga. Sitafungua kidonda hicho hapa, na najua ndani ya ukumbi huu wapo waliopata kikubwa kuliko changu. Nilikuwa mtoto Likasi, baba yangu mtu wa huku, mama yangu mtu wa Kasai. Wazazi wangu hawakuachana mbele ya hakimu, waliachanishwa. Mama alipanda treni na mdogo wangu mgongoni, mimi nikabaki na baba, na kwa muda wa miaka kumi na moja nilimjua mdogo wangu kwa picha moja iliyofika kwa mkono wa mfanyabiashara. Aliporudi alinisalimu kwa Kiluba cha Kasai, nikamjibu kwa Kiswahili, tukacheka sana, kisha tukakosa la kusema. Yale yaliletwa na siasa, hayakuwa talaka, na sitaki kuyachanganya. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia, "Watoto watazoea tu," huwa namuuliza watazoea nini, na kwa kumsahau nani.

Watu wengi hudhani kwamba siku hizi simu imemaliza tatizo la umbali. Simu imesaidia, sikatai. Lakini chukueni baba aliyebaki Kinshasa na watoto walio hapa na mama yao. Saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Baba anatoka kazini jioni, anakaa katika msongamano wa magari, anafika nyumbani saa mbili usiku na kupiga simu. Hapa ni saa tatu, mtoto wa miaka mitano amelala, mkubwa anasinzia juu ya daftari, umeme umekatika na simu ya mama iko kwa jirani inachajiwa. Baba anahesabu simu nne zisizojibiwa na kusema, "Ananificha watoto wangu." Mama anahesabu mara nne alizoamshwa na kusema, "Anatusumbua makusudi." Nimeona mashtaka mazito yakijengwa juu ya saa moja hiyo. Tulipokuja kuandika tu kwamba simu itapigwa Jumatano na Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa ya Lubumbashi, na kwamba baba atatuma mwenyewe pesa ya kuiwezesha simu ya huku, kesi ile ilikufa. Najua neno hilo ni dogo mno kwa watu waliovaa majoho, lakini huo ndio ukweli.

Kuhusu mipaka ya nchi nitasema kwa kifupi, ingawa ndiko kuliko na hatari kubwa. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, ni safari ya asubuhi moja, na ng'ambo kuna Ndola na Kitwe, ambako wengi wetu tuna shangazi au duka. Mtoto anayevuka na mzazi mmoja anaweza kuombwa na watu wa DGM, idara ya uhamiaji, karatasi ya ruhusa ya mzazi wa pili, na ni vema akawa nayo. Lakini karatasi ya safari ya wiki moja ya likizo haimpi mtu haki ya kuhamisha makao ya mtoto. Kuna mkataba uliofanywa La Haye, Uholanzi, tarehe 25 Oktoba 1980, unaowataka wanachama wake wamrudishe haraka mtoto aliye chini ya miaka 16 kwenye nchi aliyozoea kuishi, ikiwa alichukuliwa au kuzuiwa bila haki, hasa kama malalamiko yamefika kabla ya mwaka mmoja kupita. Afrika Kusini iliingia mwaka 1997, Zambia ikaingia mwaka 2014. Nchi yetu haimo. Maana yake kwa baba wa Katuba ni kwamba mtoto akibaki Ndola, njia ile fupi haiko wazi kwake. Itambidi atafute wakili wa Zambia, atafsirishe kwa Kiingereza hukumu iliyoandikwa kwa Kifaransa, na aanze upya mbele ya hakimu asiyejua Katuba iko wapi. Kama mna watoto wenye ndugu ng'ambo, andikeni mapema.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la masikini au la Waafrika. Ufaransa, ambako mawakili wa hapa tunazoea kuchungulia, sheria yao ya kiraia, katika kifungu cha 373-2, inamtaka tangu 2002 mzazi anayehama amjulishe mwenzake mapema na kwa wakati unaofaa, ikiwa kuhama huko kunabadilisha namna ya kumlea mtoto. Wasipoelewana, hakimu huamua, na huyo hakimu pia hugawa gharama za safari. Kanada wamekwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 1 Machi 2021, sheria yao ya talaka inamtaka mzazi anayetaka kuhama na mtoto atoe taarifa kwa maandishi siku 60 kabla, aseme tarehe ya kuhama, anwani mpya, na pendekezo lake la jinsi mtoto ataendelea kumwona mzazi wa pili. Naye mzazi wa pili ana siku 30 za kupinga. Kabla ya hapo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, mwaka 1996, katika kesi ya Gordon na Goertz, ilimkubalia mama mmoja aondoke na binti yake kutoka Saskatoon kwenda Australia, alikotaka kusomea tiba ya kunyoosha meno, lakini ikaelekeza kwamba baba aweze kumpata binti pia huku Kanada, isiwe lazima kila mara amfuate ng'ambo ya bahari. Ninachokipenda katika kesi hiyo ni kwamba majaji hawakukaa kupima kama sababu ya mama ni kubwa au ndogo kana kwamba mwanamke anaomba likizo. Waliuliza maisha ya mtoto yatakuwaje akienda, na yatakuwaje asipoenda.

Sisi hatuna sheria inayotaja siku 60. Lakini hakuna kinachotuzuia kuziandika wenyewe katika makubaliano na kumwomba hakimu ayatie ndani ya hukumu. Mimi hupendekeza miezi mitatu, kwa sababu ya shule. Mwaka wetu wa shule huanza Septemba, na mtoto anayehamishwa Februari hufika shule mpya katikati ya somo, mara nyingi bila buleteni, ile karatasi ya alama zake, kwa kuwa mkuu wa shule ya zamani ameizuia mpaka deni la mwisho lilipwe. Akiwa darasa la sita la msingi, mwaka wa mtihani wa taifa, mzazi anayemhamisha baada ya Krismasi ajiulize mara tatu. Andikeni kwamba kuhama kwa hiari kutafanyika katika likizo kubwa; andikeni nani atalipa deni la shule ya zamani; andikeni kwamba buleteni itapigwa picha na kutumwa kwa mzazi wa pili kila mara inapotoka. Baba asiyeona buleteni kwa mwaka mzima huanza kulipa pesa za matunzo kama mtu anayelipa kodi, na baada ya muda huacha. Sisemi kwamba ana haki ya kuacha. Sheria inawataka wazazi wote wawili wachangie malezi kadiri ya uwezo wao, awe nani mwenye kukaa na mtoto. Nasema tu ninavyoona yanatokea.

Halafu kuna pesa ya njia, ambayo watu wenye adabu huona haya kuitaja na ndiyo inayoua ziara nyingi kuliko chuki. Mmeandika kwamba mtoto atamtembelea baba kila likizo. Nani analipa basi? Mtoto wa miaka saba hasafiri peke yake. Kwa hiyo nauli ni ya watu wawili kwenda, ya mtu mmoja kurudi, na wiki mbili baadaye hesabu hiyo hiyo inageuzwa. Anayemsindikiza ni nani, na mahali pa kulala atapewa na nani, maana shemeji wa zamani hawezi tena kubisha hodi tu? Nimeona mpango mzuri wa kurasa nne ukivunjika katika kituo cha mabasi kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayelipa, na mtoto akakaa juu ya begi lake mpaka jioni. Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami, ni kwamba anayehama kwa faida yake abebe sehemu kubwa ya nauli, na anayehama kwa kulazimika, kwa mfano kwa sababu mwenzake hakulipa matunzo na nyumba imemshinda, asibebeshwe. Lakini hata mgawanyo wa nusu kwa nusu ulioandikwa ni bora kuliko haki kamili iliyomo kichwani mwa kila mmoja.

Nirudi kwa fundi wetu na watoto wake watatu. Tulifika mbele ya Mahakama ya Watoto, ambako kesi husikilizwa faraghani, na hakimu akataka kumsikia yule mkubwa. Mawakili tulikuwa tumejiandaa kwa maneno mazito: kwamba kijana atasema anampenda nani, kwamba amefundishwa na nani. Hakimu alimuuliza kama ana jambo lolote analotaka lijulikane. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Njiwa wangu wamebaki na nani?" Alikuwa na njiwa wanne katika kibanda cha mbao, nyuma ya ile nyumba ya kupanga, na usiku ule wa Alhamisi hapakuwa na nafasi yao ndani ya gari. Hakuna aliyejua. Baba hakujua kwamba njiwa wamesahauliwa. Mama alidhani jirani amewachukua. Sisi wenye vyeti hatukujua hata kwamba wapo. Hakimu aliandika swali lile katika daftari lake. Baba alikwenda siku hiyo hiyo, akawakuta watatu, akawahamishia kwa babu hapa Katuba. Makubaliano mapya yalipoandikwa, Jumamosi ya kila wiki iligeuka kuwa siku mbili za kila mwisho wa mwezi, baba akienda Kolwezi, pamoja na likizo kubwa yote isipokuwa wiki mbili, hapa Lubumbashi. Pesa za matunzo zilipunguzwa kidogo ili nauli ipatikane, na malimbikizo ya miezi minane yakapangiwa tarehe. Njiwa nao wana mstari wao. Wakili wa upande wa pili alicheka nilipousoma, lakini hakuomba ufutwe.

Najua kwamba wengi wenu mliokaa hapa hamna hukumu yoyote. Mahari yalipokelewa, watu walikula, serikali haikuandikisha, na siku ya kuachana wazee walikaa chini ya mwembe, kila mtu akaenda zake. Msidhani kwamba watoto wenu wako nje ya hayo niliyosema, kwa maana haki ya mtoto kuwa na wazazi wawili haitegemei muhuri wa komine. Andikeni karatasi yenu mbele ya kikao, mtie sahihi wazazi wote wawili na shahidi mmoja wa kila upande, kila mmoja abaki na nakala yake. Na mkikosana baadaye, hakimu wa watoto atakuwa na mahali pa kuanzia.

Limebaki jambo moja ambalo sitaki mtu alitumie vibaya kwa jina langu. Mama anayepigwa, au mtu yeyote anayekimbia nyumba kwa sababu uhai wake au wa watoto uko hatarini, simtaki asubiri miezi mitatu wala aache anwani juu ya meza. Aondoke kwanza, apate mahali salama, na mara tu anapopata pumzi amtafute hakimu, wakili au mtu wa kanisa amsaidie kufika kwa hakimu, aseme amekwenda wapi na kwa nini, ili anwani ijulikane mahakamani bila kujulikana na anayemwinda. Taarifa niliyoizungumzia ni adabu ya watu wanaoweza kukaa meza moja bila mmoja kutetemeka.

Nimepita saa niliyopewa, na padri ananitazama. Kwenye meza ile kando ya mlango kuna karatasi nyeupe na kalamu. Walio na hukumu nyumbani waisome usiku huu, watafute jina la mji. Wasipoliona, Jumatano nitakuwa hapa kuanzia saa nane mchana, pamoja na wenzangu wawili, bila malipo. Leteni nakala, ile ya asili iacheni nyumbani. Na sasa yule mama mwenye kitambaa cha bluu, aliyeinua mkono tangu nilipotaja nauli, naomba apewe maikrofoni.